Macho ya Rubani

Neno rubani ni la zamani kuliko eropleni. Kabla watu hawajafikiri ya kuwa chombo chaweza kuruka angani, watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki walimwita rubani yule mtu aliyezijua njia za majini, ambaye kazi yake ilikuwa kukiongoza chombo kipite salama baina ya miamba mpaka bandarini. Rubani huyo hakuwa na mashine ya kupimia kina. Alisimama omoni, akayatazama maji. Mahali penye maji ya buluu iliyokoza palikuwa na kina kirefu. Mahali maji yalipopauka na kugeuka kijani, mchanga ulikuwa karibu. Na mahali palipoonekana rangi ya kahawia palikuwa na mwamba. Watu wote waliomo chomboni, pamoja na mali yao, waliyategemea macho mawili ya mtu mmoja. Macho yale yakikosea, chombo kilivunjika.

Siku hizi neno lile lile amepewa mtu aongozaye ndege. Bahari yake ni anga, na mwendo wake ni mkubwa mara nyingi kuliko wa jahazi, lakini jambo moja halikubadilika: watu walioketi nyuma yake wayategemea macho yake. Abiria 100 au 300 hupanda ndege wasimwone rubani wala wasilijue jina lake. Wanajuaje ya kuwa mtu huyu aona vizuri? Hawawezi kumpima wao wenyewe. Kwa hiyo sheria humpima kwa niaba yao, na rubani asiyekuwa na cheti cha afya kutoka kwa daktari aliyeruhusiwa na serikali hapewi ruhusa ya kurusha ndege ya abiria. Sheria hizo za macho hazilingani katika nchi zote, nazo zina sababu zake. Yafaa kuzijua.

Kazi nne za macho angani

Watu wengi hudhani ya kuwa rubani ahitaji kuona mbali tu. Sivyo. Macho yake yana kazi nne.

Kazi ya kwanza ni kuona mbali. Fikiri ndege mbili zinazoelekeana, kila moja ikienda kilometa 450 kwa saa. Ndege hizo hukaribiana kilometa 15 katika dakika moja. Rubani akiiona ndege ya mwenzake kama nukta ndogo ilipo umbali wa kilometa 5, amebakiwa na sekunde 20 tu za kutambua, kuamua na kugeuza. Mwenye macho dhaifu, ambaye haioni nukta ile mpaka iwe umbali wa kilometa 2, amebakiwa na sekunde 8.

Kazi ya pili ni kuona karibu. Mbele ya rubani zimo saa nyingi za mashine, zionyeshazo mwendo, kimo, mafuta na moto wa injini. Ziko umbali wa mkono ulionyoshwa. Ramani na karatasi zake zi karibu zaidi. Macho yapaswa kutoka mbali kuja karibu, na kurudi mbali tena, mara nyingi katika dakika moja, bila kuchelewa.

Kazi ya tatu ni kuona pembeni. Mtu atazamaye mbele huona pia mambo yaliyo upande wa kushoto na wa kulia, ingawa hayaoni waziwazi. Hatari nyingi hutokea upande huo. Tena macho mawili yapaswa kufanya kazi pamoja, yasione vitu viwili mahali penye kimoja.

Kazi ya nne ni kupambanua rangi. Kila ndege irukayo usiku ina taa nyekundu katika bawa la kushoto, taa ya kijani katika bawa la kulia, na taa nyeupe nyuma. Rubani akiona mbele yake taa ya kijani upande wa kushoto na nyekundu upande wa kulia, ajua ya kuwa ndege ile yamjia uso kwa uso. Uwanjani nako rangi husema. Redio ikiharibika, mwongozaji aliye katika mnara humwelekezea rubani taa: kijani isiyopepesa humpa ruhusa ya kutua, nyekundu isiyopepesa humwambia awape wengine njia, aendelee kuzunguka.

Katika viwanja vingi kuna pia taa nne zilizopangwa mstari kando ya njia ya kutulia ndege. Kila taa huonekana nyeupe au nyekundu kwa kadiri ya kimo cha yule aitazamaye. Rubani akiziona mbili nyeupe na mbili nyekundu, yuko katika njia iliyo sawa. Zikiwa nyeupe zote, yuko juu mno. Zikiwa nyekundu zote, yuko chini mno, naye yu karibu kugonga miti au ardhi kabla hajafika uwanjani. Mtu asiyeweza kutofautisha nyekundu na nyeupe ameambiwa habari ya uhai wake kwa lugha asiyoisikia.

Jinsi macho yanavyopimwa

Mwaka 1862 daktari wa macho wa Uholanzi, Herman Snellen, wa mji wa Utrecht, alitoa ubao wenye mistari ya herufi. Mstari wa juu una herufi kubwa, na kila mstari ufuatao una herufi ndogo zaidi. Mpaka leo ubao wa namna hiyo waonekana ukutani katika nyumba za matabibu wa macho duniani kote. Mtu husimama au huketi umbali wa mita 6, hufunikwa jicho moja, kisha husoma kadiri awezavyo. Halafu hufunikwa jicho la pili.

Matokeo huandikwa kwa namba mbili. Namba ya kwanza ni umbali wa yule anayepimwa. Namba ya pili ni umbali ambao mtu mwenye macho mazima angeweza kuusoma mstari ule ule. Basi 6/6 maana yake ni kwamba mtu huyu asoma katika mita 6 mstari ambao wenye macho mazima husoma katika mita 6. Macho yake hayana upungufu. Aliye na 6/9 yampasa asogee mpaka mita 6 ili asome yale ambayo mwenzake huyasoma akiwa mita 9. Aliye na 6/12 ana nguvu nusu ya ile ya kwanza. Aliye na 6/60 aona katika mita 6 herufi ambayo wengine huiona katika mita 60.

Wamarekani hupima kwa futi, nao huweka mtu umbali wa futi 20. Kwao 20/20 ni sawa na 6/6, na 20/40 ni sawa na 6/12. Msomaji asidhani ya kuwa namba hizo kubwa zaonyesha macho makali zaidi. Kipimo ni kile kile, ila futi zimechukua mahali pa mita.

Kanuni ya mataifa yote

Ndege haijui mipaka. Yaweza kuondoka nchi moja asubuhi, ikatua katika nchi ya tatu kabla ya jioni. Kwa hiyo mataifa yaliona mapema ya kuwa haifai kila nchi kupima marubani wake kwa namna ipendavyo peke yake. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, mkataba uliofanywa Paris mwaka 1919 ulitaka marubani wapimwe afya zao. Mwaka 1944 wajumbe wa mataifa walikutana Chicago, Marekani, na tarehe 7 Desemba wakatia sahihi mkataba ulioanzisha shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Shirika hilo lilianza kazi kamili mwaka 1947, na makao yake makuu yako Montreal, nchini Kanada.

Kanuni ya shirika hilo yagawa vyeti vya afya katika madaraja matatu. Daraja la kwanza ni la marubani wa kazi, wale wachukuao abiria na mizigo kwa malipo. Daraja la pili ni la wale warushao ndege zao wenyewe kwa shughuli zao au kwa kujifurahisha. Daraja la tatu ni la waongozaji wa ndege wakaao katika minara.

Kwa daraja la kwanza, kila jicho peke yake lapaswa kufika 6/9, na macho yote mawili pamoja yafike 6/6. Kwa daraja la pili, kila jicho lifike 6/12, na yote mawili pamoja yafike 6/9. Waongozaji wa minarani hupimwa kwa kipimo kile kile cha marubani wa daraja la kwanza, kwa kuwa kosa lao laweza kuzigonganisha ndege mbili kwa pamoja.

Mahali hapa watu wengi hushangaa wakiambiwa ya kuwa kanuni yaruhusu miwani. Vijana wengi wameacha kutamani kazi ya urubani kwa kuwa waliambiwa ya kuwa mvaa miwani hawezi kuwa rubani. Neno hilo si la kweli kwa marubani wa abiria. Namba zilizotajwa hapo juu zaweza kufikiwa kwa macho matupu au kwa msaada wa miwani, na hata kwa lenzi ndogo zinazowekwa juu ya jicho lenyewe. Lakini mwenye kuhitaji miwani ana sharti mbili. Ya kwanza, avae miwani yake wakati wote awapo kazini. Ya pili, awe na miwani ya akiba karibu naye; maana miwani ikianguka na kuvunjika angani, hakuna duka la kununua nyingine. Na yule ambaye jicho lake, bila miwani, ni dhaifu kupita 6/60, hutakiwa kuleta maelezo kamili ya daktari wa macho, ili ijulikane kama jicho hilo lina ugonjwa.

Nchi na nchi

Kanuni ya mataifa ni kipimo cha chini. Nchi yaweza kuongeza ukali, na nchi inayotofautiana na kanuni hiyo yapaswa kuliarifu shirika. Ndipo tofauti zinapoingia.

Nchi nyingi za Ulaya zina kanuni moja ya pamoja, nayo yafuata namba zile zile: 6/9 kwa kila jicho na 6/6 kwa yote mawili katika daraja la kwanza. Madaktari wa huko hutazama pia nguvu ya miwani yenyewe, na mtu avaaye miwani kali sana hupelekwa kwa mtaalamu wa macho kabla ya kukubaliwa.

Marekani ni kali zaidi katika jambo moja. Huko madaraja ya kwanza na ya pili ni ya marubani wa kazi, na kila jicho peke yake lapaswa kufika 20/20, yaani 6/6, kwa miwani au bila miwani. Basi mtu ambaye jicho lake moja ni 6/6 na la pili ni 6/9, na haliongezeki hata kwa miwani, aweza kukubaliwa Ulaya kwa daraja la kwanza, lakini Marekani jicho lile la pili halitoshi kwa kipimo cha kawaida. Daraja la tatu la Marekani, ambalo ni la warushao ndege kwa shughuli zao wenyewe, hutaka 20/40 tu kwa kila jicho.

Tena Marekani hukumbuka umri. Kila mtu mwenye macho ana lenzi laini ndani ya jicho, inayojinenepesha atazamapo karibu. Miaka ikipita lenzi hiyo huwa ngumu, na hii ndiyo sababu wazee husogeza barua mbali wanapoisoma. Kila rubani wa Marekani hupimwa kusoma katika inchi 16, na marubani wa kazi waliofika miaka 50 hupimwa pia katika inchi 32, umbali wa zile saa za mashine zilizo mbele yao.

Kenya, Tanzania na Uganda nazo ni wanachama wa shirika la kimataifa, na mamlaka zao za usafiri wa anga hutoa vyeti kwa madaraja yale yale. Mtoto wa Mwanza au wa Kisumu atakaye kuwa rubani atasimama mbele ya ubao wa herufi kama mtoto wa Paris, na cheti chake kitasomwa na kufahamika ng'ambo.

Upofu wa rangi

Ukungu wa macho hurekebishwa kwa miwani. Lakini uko upungufu mwingine usiorekebishwa hivyo, nao ni upofu wa rangi. Mwenye upungufu huo huona vitu waziwazi kama watu wengine, na mara nyingi hajui ya kuwa ana upungufu wowote.

Mtu wa kwanza aliyeueleza vema kitaalamu alikuwa Mwingereza John Dalton, mwalimu na mchunguzi wa elimu ya kemia. Mwaka 1792 aliangalia ua moja ambalo mchana aliliona la buluu, na usiku, kwa mwanga wa mshumaa, akaliona jekundu. Akawauliza rafiki zake kama nao waona ua likigeuka. Wote walisema la, isipokuwa ndugu yake mwenyewe, aliyeona vile vile kama yeye. Hapo Dalton akafahamu ya kuwa macho yao wawili hayafanani na ya wengine, na ya kuwa jambo hili limo katika ukoo. Mwaka 1794 aliwasomea wataalamu wa Manchester habari hiyo.

Dalton alidhani ya kuwa maji yaliyo ndani ya macho yake yana rangi ya buluu, yakizuia nyekundu isipite. Akaagiza macho yake yachunguzwe akiisha kufa. Alipokufa mwaka 1844, daktari aliyachunguza, akaona maji yale ni meupe kama ya mtu ye yote. Dalton alikosea, lakini mabaki ya macho yake yalihifadhiwa, na mwaka 1995 wataalamu waliyapima kwa elimu mpya ya urithi, wakagundua ya kuwa alikosa moja ya zile aina tatu za chembe za jicho zipokeazo rangi. Miaka 150 baada ya kufa kwake, jicho la Dalton lilijibu swali lake.

Upungufu huu hurithiwa, na huwapata wanaume kuliko wanawake. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, wanaume wapatao 8 katika kila 100 wanao kwa kiasi fulani, lakini kwa wanawake hawafiki mmoja katika 100. Wengi wao huchanganya nyekundu na kijani, nazo ndizo rangi ambazo watu wa reli, wa bahari na wa anga wamezichagua kuwa ishara zao.

Hatari yake ilianza kufikiriwa kwa nguvu katika habari za reli. Mwezi wa Novemba 1875, magari mawili ya moshi yaligongana usiku huko Lagerlunda, Sweden, katika reli ya njia moja, na watu 9 wakafa. Mtaalamu Frithiof Holmgren wa Uppsala aliona ya kuwa huenda mtu wa reli hakuitambua rangi ya taa. Mwaka 1876 akawapima watu wa reli kwa nyuzi za sufu za rangi nyingi, akimwambia kila mmoja achague zifananazo na uzi aliopewa. Wataalamu wa baadaye wametia shaka kama ajali ile kweli ilisababishwa na upofu wa rangi. Hata hivyo, tangu hapo nchi nyingi ziliwapima watu wa reli na mabaharia, na eropleni zilipokuja, marubani nao walipimwa.

Mwaka 1917 daktari Mjapani, Ishihara Shinobu, alitoa kitabu cha picha zenye madoadoa ya rangi. Ndani ya madoadoa hayo imefichwa tarakimu. Mwenye macho mazima huisoma mara moja. Mwenye upofu wa rangi huona madoa matupu, au huona tarakimu nyingine. Kitabu hicho chatumika hata leo. Katika kanuni ya Ulaya, rubani huonyeshwa picha 15 za kwanza za kitabu chenye picha 24, bila kufuata taratibu, naye apaswa kuzisoma zote bila kosa. Akishindwa, hupewa vipimo vingine vilivyo vigumu zaidi.

Ajali ya Tallahassee

Kwamba jambo hili si la kitabuni tu, yaonyeshwa na ajali iliyotokea Marekani. Tarehe 26 Julai 2002, kabla ya mapambazuko, ndege ya mizigo aina ya Boeing 727 yenye watu watatu ilikuwa ikitua katika uwanja wa Tallahassee, Florida. Aliyeishika usukani alikuwa rubani msaidizi. Ndege ilishuka chini mno. Zile taa nne kando ya njia ziligeuka nyekundu, zikitangaza hatari. Ndege haikuinuliwa. Iligonga miti, ikaanguka kabla ya kufika njiani, ikateketea kwa moto. Watu wote watatu waliumizwa vibaya, lakini kwa bahati wakaokoka.

Tume ya serikali iliyochunguza ajali hiyo ilisema ya kuwa marubani hawakuishika njia iliyo sawa ya kushukia. Ikataja mambo yaliyochangia: uchovu wa marubani wote wawili, kutofuata taratibu za kazi, na kutoangalia kwa fundi wa ndege. Tena ikataja jambo moja zaidi: rubani msaidizi alikuwa na upofu mkubwa wa rangi. Naye hakuwa mdanganyifu. Alikuwa na cheti halali, kwa kuwa zamani alipewa kipimo kingine cha taa akakifaulu. Kipimo kile kilimpitisha, lakini taa zile za alfajiri zilimshinda.

Baada ya muda vipimo vimeendelea kuboreshwa. Nchini Uingereza, wataalamu wa City University ya London wakishirikiana na mamlaka ya usafiri wa anga walitengeneza kipimo cha kompyuta, kinachoonyesha kiasi cha upungufu wa mtu, si kuwapo kwake tu. Wenye upungufu mdogo, ambao huzitambua taa kama watu wengine, hukubaliwa. Wenye upungufu mkubwa hukataliwa. Nako Marekani, tangu tarehe 1 Januari 2025, waombaji wapya hupimwa rangi kwa kompyuta. Wasiofaulu waweza kupewa cheti chenye masharti, wasirushe ndege usiku.

Australia ilishika njia nyingine. Daktari Arthur Pape, ambaye ni rubani na pia ana upofu wa rangi, aliipinga sheria ya nchi yake mbele ya baraza la rufani mwaka 1987. Mwaka 1989 shauri la rubani mwingine lilisikilizwa, na mashahidi wengi waliulizwa kwa siku nyingi: je, rubani hutegemea rangi peke yake, au mahali pa taa, redio na mashine nyingine humwambia habari ile ile? Baraza liliamua ya kuwa udhaifu wa rubani yule haukutosha kumnyima ruhusa ya kuruka usiku. Tangu hapo watu wengi wenye upungufu huo wamefanya kazi ya urubani Australia. Hivyo mtu mmoja, mwenye macho yale yale, aweza kukubaliwa katika nchi moja na kukataliwa katika nyingine. Wataalamu wangali wakishindana katika jambo hili.

Jicho moja

Huenda msomaji atauliza: na mtu aliyepoteza jicho moja je? Wiley Post, Mmarekani, alikuwa mfanyakazi katika visima vya mafuta. Mwaka 1926 aliumia kazini, akapoteza jicho la kushoto. Fedha alizolipwa kwa ajili ya jeraha lile alinunulia ndege. Akajizoeza kukadiria umbali kwa jicho lililobaki. Mwaka 1931, pamoja na mwongoza njia wake Harold Gatty, aliizunguka dunia kwa siku 8 na saa 15. Mwaka 1933 aliizunguka tena, safari hii peke yake, kwa siku 7 na saa 18, wala hapakuwa na mtu aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Miaka miwili baadaye alikufa katika ajali ya ndege huko Alaska.

Habari yake haina maana ya kuwa jicho moja ni sawa na mawili. Yaonyesha ya kuwa mwili waweza kujifunza. Kwa hiyo hata leo kanuni ya mataifa huacha mlango mdogo: mtu asiyefikia kipimo aweza kuchunguzwa na wataalamu peke yake, na wakiridhika ya kuwa upungufu wake hautahatarisha wengine, aweza kupewa cheti chenye masharti. Marekani, aliyepoteza jicho hupewa muda wa miezi kadhaa ili azoee, kisha hujaribiwa angani pamoja na mkaguzi.

Kipimo ni cha nini?

Ukitazama sheria hizi zote, utaona ya kuwa zinauliza swali moja kwa maneno mbalimbali: Je, mtu huyu aweza kuifanya kazi hii bila kuhatarisha wengine? Daktari hatafuti mtu asiye na kasoro. Kama angetafuta huyo, ndege nyingi zingekosa marubani. Atafuta kasoro ijulikane, ipimwe, na irekebishwe ikiwa yarekebishika. Cheti chenyewe hakidumu. Rubani wa kazi hupimwa tena kila mwaka, na wengine kila miezi 6, maana macho ya jana si macho ya leo.

Adui wa sheria hii ni kuficha. Wako watu waliosimama karibu na ubao wakazikariri herufi, ili wasome kwa kumbukumbu wala si kwa macho. Mtu wa namna hiyo aweza kumdanganya daktari, lakini mwamba haudanganywi, wala mti ulio mbele ya njia ya ndege.

Mambo haya huanzia mbali na uwanja wa ndege. Katika madarasa mengi yuko mtoto anayekunja uso akitazama ubao, au anayenakili kutoka daftari la jirani, naye hasemi neno kwa kuogopa kuchekwa. Wenzake humwita mvivu. Pengine akili yake ni nzima, ila herufi za mwalimu kwake ni ukungu. Mtoto huyo akisema mapema, akapelekwa kwa tabibu, akapata miwani, mlango wa kazi nyingi wabaki wazi mbele yake, na hata wa urubani. Rubani wa zamani aliyesimama omoni, macho yake yakianza kufifia, alimwita kijana mwenye macho makali asimame karibu naye amwambie rangi ya maji. Hakuona aibu, kwa sababu chombo chote kilikuwa mikononi mwake.

Maswali

1. Kwa nini rubani wa jahazi alitazama rangi ya maji?
2. Taja kazi nne za macho ya rubani.
3. Eleza maana ya 6/6, 6/12 na 20/40.
4. Mtu mwenye jicho moja la 6/6 na la pili la 6/9 aweza kukubaliwa wapi kwa daraja la kwanza, na wapi kipimo chake hakitoshi? Kwa nini?
5. Dalton alikosea nini, na jicho lake lilijibuje mwaka 1995?
6. Katika ajali ya Tallahassee, upofu wa rangi haukuwa sababu peke yake. Taja sababu nyingine.